Kulea Kangaga Nyumbani Tanga: Maji Matamu, Kivuli na Makumbi ya Nazi

Anayepanda gari Muheza kwenda Amani hahitaji kuonyeshwa mahali msitu unapoanzia, kwa sababu makangaga ndiyo yanayomwarifu. Barabara ikishaacha mashamba ya michungwa na kuanza kuipanda milima ya Usambara Mashariki, kingo zake hujaa majani marefu yenye meno kama ya chanuo, na juu zaidi, kwenye panda za miti mikubwa, hukaa mimea yenye majani mapana yaliyojipanga duara mfano wa kiota cha ndege. Mimea hiyo haina ua, haina tunda wala mbegu, na bado wengi wetu tunaoishi mjini huitamani barazani kwetu. Tunainunua ikiwa imenawiri, tunaiweka mahali pa heshima, na baada ya miezi mitatu au minne ncha za majani zinageuka kahawia, kisha jani zima, kisha mmea wote.

Lawama hutupiwa joto, nami naona si haki. Makangaga ninayoyazungumzia hapa asili yake ni nchi za joto, na usiku wa Julai wa Tanga, ambao kwetu ndio baridi kali, hauteremki sana chini ya nyuzi 20, kiwango ambacho mmea huu unakipenda. Kinachoyaua mjini ni maji yenye chumvi, upepo mkavu na udongo ulioshikana. Katika hayo matatu, maji ndiyo yanayoanza kazi ya kuua, na ndiyo yanayoshukiwa mwisho. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji kabla ya kufika kwenye chungu.

Hatua ya kwanza: yajue maji yako kabla ya kununua mmea

Sehemu kubwa ya ardhi yetu ya pwani imekaa juu ya mawe ya chokaa, mawe ya jamii ile ile ambayo maji yaliyachimba taratibu hadi yakafanya mapango ya Amboni. Maji ya kisima kilichochimbwa katika ardhi ya namna hiyo hubeba chokaa, na kisima kikiwa karibu na bahari hubeba na chumvi. Binadamu huyazoea na hata kuyaoshea vyombo bila kuona tabu, lakini kangaga haliyazoei. Kila unapolimwagilia, maji hupaa na chumvi hubaki, na kwa kuwa chungu hakina pa kuipeleka, chumvi hiyo hujikusanya mwezi baada ya mwezi mpaka mizizi ishindwe kunyonya maji ingawa udongo umelowa. Ncha ya jani hufa kwanza kwa sababu iko mbali zaidi na mzizi. Ndivyo nilivyolipoteza kangaga langu la kwanza. Nilipoona ncha zimekauka nilidhani lina kiu, nikaongeza maji yale yale ya kisima asubuhi na jioni, na kila ndoo niliyoongeza ililisogeza karibu na kifo.

Kupima si kazi ngumu. Tazama ndani ya birika la chai: kama kuna ukoko mweupe mgumu, maji yako yana chokaa. Kisha nawa mikono kwa sabuni ya kipande. Maji yenye chumvi au chokaa nyingi hukataa kutoa povu. Maji yakishindwa majaribio yote mawili, usiyatumie kwa kangaga hata kama hayana ladha mbaya mdomoni. Huenda mtu akakuonyesha lile kangaga kubwa linaloota kwenye matope nyuma ya mikoko na kukuambia kwamba kangaga huvumilia chumvi. Ni kweli lile huvumilia, lakini ni tabia yake pekee, na hayo yanayouzwa kwenye vyungu hayakuzaliwa na uwezo huo.

Maji bora kuliko yote ni ya mvua. Kinga kutoka kwenye bati, lakini mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache itiririke kwa muda wa robo saa hivi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayoosha vumbi, kinyesi cha ndege na chumvi iliyoletwa na upepo wa baharini. Pipa lifunikwe kwa kipande cha chandarua kilichokazwa vizuri, maana pipa lililo wazi ni kitalu cha mbu, na hakuna mmea wenye thamani ya kuiletea nyumba malaria au dengi.

Wakati mvua haipo, maji ya bomba yanafaa. Maji ya bomba ya mji wa Tanga hutoka katika bwawa la Mabayani, lililo kwenye mto Sigi, na mto huo hukusanya maji yake katika misitu ile ile ya Usambara Mashariki ambamo makangaga haya yanaota, jambo ambalo mimi huliwaza kila ninapofungua koki. Kwa kuwa maji hayo hutiwa dawa ya klorini, yateke jioni katika ndoo iliyo wazi na uyatumie asubuhi, dawa ikiwa imepungua.

Hatua ya pili: chagua kangaga linaloendana na nyumba yako

Kwa anayeanza ningeshauri aina mbili tu. Ya kwanza ni kangaga kiota, ambalo wataalamu huliita Asplenium nidus. Majani yake ni mazima, hayana meno, yanang'aa kijani cha ndizi mbichi na yanatoka katikati yakipanuka kama bakuli. Porini jani moja huweza kuzidi mita 1, lakini katika chungu mara nyingi huishia kwenye nusu ya urefu huo. Hukua polepole, husamehe makosa madogo na hukaa miaka mingi. Ya pili ni kangaga la kuning'inia, la jamii ya Nephrolepis, ambalo majani yake marefu yamegawanyika vijanijani pande zote mbili za uti na huinama kutoka kwenye kikapu. Hili hukua haraka na kujaza chungu upesi, ila lina kiu kubwa, na likikauka siku mbili mwezi wa Februari huanza kupukutisha vijani vyake sakafuni kama makapi. Lipo pia lile lenye vijani vyembamba mno juu ya vikonyo vyeusi kama unywele. Ni zuri kuliko yote, na mtu asilinunue kabla hajakaa na hayo mawili kwa mwaka mzima.

Nunua kwenye bustani za miche. Usiende kuchimba msituni. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, na kung'oa mmea ndani ya hifadhi bila kibali ni kosa. Isitoshe, kangaga lililobanduliwa kwenye gome la mti huacha sehemu kubwa ya mizizi yake nyuma na mara nyingi hufa kabla halijafika Muheza mjini. Unaponunua, geuza jani uangalie upande wa chini, kisha tazama katikati ya mmea. Kama kuna majani machanga yaliyojikunja kama mkia wa kinyonga, mmea uko hai na unakua. Kama katikati ni peusi na palaini, uache hata ukipunguziwa bei.

Hatua ya tatu: tafuta mahali penye mwanga usiokuwa na jua

Kangaga huishi chini ya miti mikubwa, mahali ambapo mwanga upo wa kutosha lakini jua lenyewe hufika kwa vipande. Kipimo kizuri ni kivuli cha mkono wako. Saa sita ya mchana, nyoosha mkono juu ya mahali unapokusudia kuweka chungu: kivuli kikionekana chenye mipaka mikali, jua ni kali mno, kikionekana hafifu lakini kinatambulika, hapo ndipo, kisipoonekana kabisa, kuna giza na mmea utadhoofika.

Katika nyumba zetu za Kiswahili, kama zile za barabara zenye namba za Ngamiani, baraza la mbele huwa na mwanga mzuri lakini hupigwa na upepo na vumbi la barabarani, na ukumbi wa katikati huwa na giza. Ua wa nyuma, karibu na ukuta ulio jirani na koki ya maji au bafu, ndipo mahali ambapo nimeona makangaga yakistawi kuliko kwingine, kwa sababu sakafu huloweshwa mara kwa mara na hewa hubaki na unyevu. Kama kuna mbuzi uani, chungu kiwekwe juu.

Mwenye kuweka ndani, dirishani, azingatie jambo moja ambalo vitabu vya nchi za mbali havitamwambia. Tanga iko takriban nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia karibu na Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Dirisha la kusini lililokuwa salama mwezi wa Julai linaweza kuunguza majani mwezi wa Desemba bila mtu kuwa amesogeza kitu. Badala ya kununua pazia, sogeza chungu hatua moja nyuma ya dirisha msimu unapogeuka.

Chumba chenye kiyoyozi hakifai, kwa kuwa kiyoyozi hukausha hewa. Pangaboi halina neno likiwa linazunguka polepole, mradi mmea hauko chini yake moja kwa moja.

Hatua ya nne: tengeneza udongo ambao si udongo

Hapa ndipo watu wa pwani tunapokuwa na bahati ambayo hatuitumii. Kangaga kiota huota kwenye gome la mti, na mizizi yake imezoea kushika unyevu na hewa kwa pamoja. Ukilipanda katika udongo mfinyanzi au udongo mweusi wa shambani, udongo hushikana, hewa hukosa njia na mizizi huoza. Linalotaka ni kitu chenye nyuzi na mianya, nacho ni makumbi ya nazi, ambayo kwetu hutupwa au huchomwa jikoni.

Chukua makumbi makavu, yachambue kwa mkono na uyakate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kama umeyapata kwa akina mama wanaofukia makumbi katika matope ya ufukweni ili wapate usumba wa kusokotea kamba, kumbuka kwamba yamejaa chumvi, na hata yale ambayo hayakufukiwa huwa na chumvi kiasi. Yaloweke katika maji matamu siku nzima, mwaga maji, rudia, kisha rudia tena. Maji ya mara ya tatu yajaribu kwa sabuni: yakitoa povu kama maji uliyoanza nayo, makumbi yako tayari. Watu wengi huiruka kazi hii kwa kuwa inachosha, kisha hushangaa ncha za majani zinapokauka ilhali wanamwagilia maji ya mvua.

Kwa kangaga kiota, changanya makumbi sehemu 2, mboji ya majani yaliyooza sehemu 1, na makaa yaliyopondwa vipande vidogo sehemu 1. Mboji iliyo chini ya mwembe mkubwa inafaa sana. Makaa yawe mapya, si yale yaliyokwisha kutumika jikoni na kuchanganyika na majivu. Kwa kangaga la kuning'inia, ambalo porini huota pia ardhini, geuza kipimo: mboji sehemu 2, makumbi sehemu 1 na mchanga wa mto sehemu 1. Mchanga wa pwani usiuguse kabisa, hata ukiuosha, kwa kuwa ndani yake mna vipande vya makombe ya baharini ambavyo ni chokaa tupu.

Hatua ya tano: panda

Chungu cha udongo uliochomwa ndicho ninachokipendelea kwa kangaga kiota, kwani kinapumua na kina uzito wa kuzuia mmea usiangushwe na kusi. Kangaga la kuning'inia linafaa zaidi katika chungu cha plastiki, kwa sababu cha udongo hulinyang'anya maji. Vyovyote viwavyo, chungu kizidi mzizi kwa vidole viwili tu kila upande. Kikiwa kikubwa sana, sehemu isiyo na mizizi hubaki imelowa na kuanza kuchacha. Juu ya tundu la chini funika kipande cha kifuu kilichoinama, ili maji yatoke na makumbi yasitoke.

Mmea uwekwe kwa urefu ule ule uliokuwa nao mwanzo. Kiini cha kangaga kiota, pale majani yanapotokea, kisizikwe hata kidogo. Jazia mchanganyiko pembeni kwa vidole bila kushindilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha uache kivulini wiki mbili bila mbolea. Jani moja au mawili ya zamani yatageuka njano wakati huo, na hilo ni jambo la kawaida.

Mwenye mwembe uani anaweza kuacha chungu na kulirudisha kangaga kiota mahali pake pa asili. Funga mzizi katika bonge la usumba uliolowa, lisimamishe kwenye panda ya mti upande usiopigwa na jua la alasiri, na lizungushie kamba ya katani, ambayo katika mkoa huu wa mkonge haikosekani. Usitumie waya. Katani huoza baada ya miezi kadhaa, wakati mizizi imekwisha kulishika gome, na mmea hubaki huru.

Hatua ya sita: mwagilia kwa kufuata msimu, si kwa ratiba

Ingiza kidole hadi kiungo cha kwanza. Kangaga kiota limwagiliwe pale juu panapoanza kukauka, na la kuning'inia kabla hapajakauka kabisa. Ukishalizoea, utajua kwa kunyanyua chungu tu, kwa kuwa chungu chenye kiu ni chepesi. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, na sahani ya chini uimwage baada ya nusu saa. Kwa kangaga kiota lililo ndani ya nyumba, maji yazunguke pembeni na yasijae katikati ya bakuli la majani, kwani hewa ya ndani haina upepo wa kupakausha na kiini huoza. Lililo nje juu ya mti halihitaji tahadhari hiyo. Mvua hulijaza na upepo hulikausha, na majani makavu ya mwembe yanayodondokea katikati huoza na kuwa chakula chake.

Masika, kati ya Machi na Mei, kazi ni ndogo, na hatari iliyopo ni kuzidisha. Kusi linapovuma katikati ya mwaka, hewa huwa na ubaridi na mmea hupunguza kukua, hivyo punguza maji. Mmea ulio karibu na bahari ukingwe na ukuta, maana upepo huo hubeba chumvi hadi juu ya majani, na mara moja kwa wiki uyaoshe kwa maji matamu. Vuli ndio wakati mzuri wa kugawanya na kubadilisha chungu. Kaskazi ndio mtihani. Januari na Februari upepo huwa mkavu na joto hupanda, na kangaga la kuning'inia huweza kutaka maji kila siku. Panga vyungu vikaribiane ili unyevu wa mmea mmoja umsaidie jirani, na chini yake weka sinia la kokoto lenye maji, chungu kikiwa juu ya kokoto na si ndani ya maji. Kunyunyizia majani kufanyike asubuhi, yakauke kabla ya usiku.

Mbolea iwe kidogo sana. Mbolea ya maji ya NPK (yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu) iliyopunguzwa hadi robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye kifungashio, mara moja kwa mwezi kuanzia masika, inatosha. Yurea na samadi mbichi huunguza mizizi.

Hatua ya saba: tofautisha ugonjwa na uzazi

Siku moja utageuza jani na kukuta chini yake mistari au vidoadoa vya kahawia. Wengi huogopa, wakakata majani yote au kupulizia dawa kali ya wadudu, na dawa hiyo ndiyo inayoua. Vidoa vilivyopangika kwa utaratibu, kila kimoja kikilingana na mwenzake pande zote mbili za uti wa jani, ni vifuko vya spora, vumbi ambalo kangaga hulitumia mahali pa mbegu. Vidugamba, ambao ni wadudu kweli, hukaa ovyo bila mpango, hubanduka ukiwakwaruza kwa ukucha, na mara nyingi jani huwa linanata. Hao wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha suuza jani kwa maji matupu. Makoa hula majani machanga usiku wa masika. Yatafute kwa tochi na uyaondoe kwa mkono.

Kangaga la kuning'inia huongezwa kwa kuligawanya kwa kisu kikali, kila kipande kikibaki na mizizi na majani machache. Kangaga kiota halina njia hiyo, kwa kuwa lina kiini kimoja, na mwenye subira atalizalisha kwa spora. Kata kipande cha jani ambacho mistari yake imekwisha kuwa ya kahawia, kiweke ndani ya bahasha kavu siku mbili, nawe utapata vumbi jembamba chini. Chukua kopo pana lenye mboji na makumbi yaliyochujwa, limwagie maji yanayochemka ili kuua viini vingine, liache lipoe, nyunyiza vumbi hilo juu bila kulifukia, na ufunike kwa kioo au nailoni inayopitisha mwanga. Baada ya wiki kadhaa utaona utando wa kijani kama ukungu wa ukutani, kisha vijani bapa vidogo vyenye umbo la moyo. Hivyo sio kangaga bado. Ni juu yake ambapo mbegu ya kiume huogelea kulifikia yai, na kwa hiyo uso wa mboji usikose unyevu wa maji ya mvua hata siku moja. Majani ya kweli hutokea miezi kadhaa baadaye, yakiwa madogo kuliko ukucha. Yakifika urefu wa kidole gumba, fungua kioo kidogo kidogo kwa wiki moja ili yazoee hewa, kisha hamishia kila mche katika kifuu kilichotobolewa chini, chenye mchanganyiko ule ule wa makumbi na makaa, na ukiweke kifuu hicho kivulini kando ya mmea mama.